Mume Wangu Anasema Zawadi ya Kushona Itamwaibisha

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga. Naomba jina langu usilitaje, maana mawifi zangu wanaisoma safu hii.

Mdogo wake mume wangu, kitinda mimba kwao, anaolewa baada ya wiki saba. Kabla ya ndoa kuna kicheni pati. Mchango wa kamati tumeshaumaliza, huko hatudaiwi. Kilichobaki ni zawadi yetu wenyewe, mimi na kaka mtu, pamoja na matengenezo ya sebule, kwa sababu mama mkwe atashuka kutoka Lushoto na kufikia kwetu mwezi mzima. Kwa yote mawili tuna Sh 220,000 mkononi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, sare za shule na magauni, na siku ikiwa nzuri nabaki na faida ya Sh 12,000. Wazo langu lilikuwa kumshonea wifi zawadi ya kupambia nyumba yake mpya: mito minne ya makochi ya khanga, pazia za sebuleni, na vitambaa vya makochi vya kufuma kwa mkono, seti ya 3-2-1-1. Nimeulizia bei. Doti ya khanga nzuri ni Sh 14,000, marekani ya bitana Sh 4,000 kwa mita, uzi wa kufumia Sh 3,000 kwa donge, na sufi ya kujazia mito napata kwa jirani mwenye msufi kwa Sh 4,000 kwa kilo. Niliona kwa njia hiyo zawadi itakuwa ya bei nafuu na pesa itakayobaki itatosha ukuta.

Mume wangu amekataa kabisa. Alisema, "Utaniaibisha. Watu wataondoka wakisema kaka mkubwa amemletea dada yake vitambaa." Anataka tukope Sh 300,000 kwenye kikoba changu, tununue jiko la gesi na seti ya sufuria. Kikoba chetu hutoza riba ya asilimia 10, na mkopo unarudishwa kwa miezi mitatu. Wake wa wadogo zake wawili wameshatangaza kwenye kundi la familia kwamba mmoja analeta friji na mwingine kabati la vyombo. Baba mkwe alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mume wangu ndiye anayetazamwa kwa kila jambo la ukoo.

Najua watu husema kutoa ni moyo. Lakini Shangazi, siku ile MC anashika zawadi juu na kutaja jina la mtoaji mbele ya ukumbi mzima. Kwa upande mmoja namwelewa mume wangu. Kwa upande mwingine neno lile "vitambaa" limenichoma, maana vitambaa hivyohivyo ndivyo vinavyotupa ugali mwezi ambao kazi zake za bandarini zimekauka.

Kuhusu ukuta: ni ukuta wa nje wa sebule, urefu mita 3.5 na kimo mita 2.7. Sehemu ya chini, kama sentimita 60 kutoka sakafuni, rangi inabanduka, unga mweupe unatoka, na mvua zikianza panakuwa na madoa meusi. Fundi rangi ameniambia nipake rangi ya mafuta ili kuziba unyevu, anataka Sh 90,000 pamoja na vifaa. Rafiki yangu anasema ninunue stika za ukutani za plastiki, zinabandikwa jioni moja tu. Kopo la rangi ya maji la lita 4 ni Sh 35,000. Mwenye nyumba anaishi mbele ya uwanja huohuo, amesema nifanye nipendavyo ila hakati kodi.

Je, nimsikilize mume wangu tukope, au nisimame na kazi ya mikono yangu? Na ukuta nianzie wapi?

Wifi Mtu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa kwenye kitita kimoja. La kwanza ni zawadi ya wifi. La pili ni ukuta. La tatu hukuliuliza, lakini limo katika kila mstari: unataka kazi yako ya cherehani ihesabiwe kuwa kazi nyumbani mwako. Hilo la tatu ni zito kuliko mengine, na hofu yangu ni kwamba umelibebesha zawadi ya harusi. Wifi akiifurahia mito, utajiona umethibitika. Akiiweka kando, utajiona umedharauliwa wewe na cherehani yako. Zawadi ya mtu mwingine haina nguvu ya kubeba uzito huo.

Basi tuyafungue moja moja.

Umesema zawadi ya kushona itakuwa nafuu. Tuhesabu mito minne kwa bei zako. Doti moja Sh 14,000. Marekani mita mbili kwa mifuko ya ndani Sh 8,000. Sufi, ukiweka zaidi kidogo ya nusu kilo kwa mto wa inchi 16, ni kilo mbili na nusu, Sh 10,000. Uzi wa cherehani Sh 1,000. Jumla Sh 33,000. Hapo ni kweli nafuu. Sasa ongeza siku mbili ambazo hutashona sare ya mtu: Sh 24,000 nyingine, inafika Sh 57,000. Sikwambii hivyo nikukatishe tamaa. Nakwambia kwa sababu wewe mwenyewe umeiita zawadi hiyo ya bei nafuu, na ukimwelezea mume wako kwa maneno hayo, naye atasikia nafuu tu. Fundi anayeacha wateja wake siku mbili ametoa pesa, ila haikupita mkononi.

Vitambaa vya kufuma ni hesabu nyingine. Seti ya 3-2-1-1 ina migongo saba na mikono minane. Kabla hujanunua donge la pili, fuma mgongo mmoja mpaka mwisho huku ukitazama saa. Ukikuchukua saa sita, migongo yote ni saa 42. Mikono, ukiipa saa mbili kila mmoja, ni saa 16. Jumla saa 58, karibu mwezi mzima wa kufuma saa mbili kila usiku, bila kuugua, bila umeme kukatika, bila mteja wa haraka. Kinachoharibika kazi ikikimbizwa ni mkazo wa uzi: kitambaa cha kwanza kinatoka kimelegea, cha mwisho kimebana, na vikitandazwa kochi moja vinapishana kwa vidole viwili. Jicho la mwanamke anayejua kufuma linaona hilo kabla hajakaa. Nunua pia uzi wote siku moja na uangalie namba ya mkupuo wa rangi kwenye karatasi ya donge, yaani namba ya uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Nyeupe za mikupuo miwili tofauti hazifanani juani.

Lakini kabla ya saa na uzi, kuna swali ambalo sikuliona katika barua yako. Wifi atakuwa na makochi ya aina gani? Madirisha yake yana upana gani? Pazia hazishonwi kwa kukisia. Bomba la pazia la mita 1.5 linataka kitambaa cha upana wa mita 3 ili mikunjo ikae vizuri. Ukishona cha mita 2 kinabaki kimetandazwa kama shuka kwenye kamba. Urefu nao unategemea bomba limepigwa wapi, juu ya fremu au karibu na dari. Pazia iliyopungua sentimita kumi haina tiba isipokuwa kuungwa kipande, na ya kupambia nyumba ya bibi harusi haifai kuungwa. Hata mashuka, kama utayafikiria badala yake, yana mtego wake. Kitambaa cha mashuka chenye upana wa mita 2.4 kinatosha kitanda cha futi 5 kwa 6, lakini kwenye futi 6 kwa 6 chenye godoro la inchi 8 kinabakiza kama sentimita 8 tu za kuchomekea kila upande. Shuka hilo litachomoka kila usiku.

Kwa hiyo, mwanangu, umewahi kuongea na bibi harusi mwenyewe? Mume wako amesema atakachosema. Wake wa shemeji zako wametangaza. Wewe umeshapanga. Anayepewa hajasikika popote. Anaweza kuwa na jiko la gesi tayari kutoka kwa mchumba. Anaweza kuwa na ndoto ya mito ya khanga. Anaweza pia kuwa msichana wa vitu vya dukani kabisa, na hilo si dharau kwako. Kumuuliza hakuharibu zawadi. Mwambie tu unataka vipimo vya nyumba yake, maneno mengine yatakuja yenyewe.

Ukiona mito bado ina nafasi, nikupitishe pale ambapo hata fundi mzuri wa sare hukwama, maana khanga haikatwi kama kitambaa cha gora.

Kwanza soma jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye khanga, kabla hujaangalia rangi. Khanga kwa wifi ni maneno. "Wema hauozi" haliwezi kumuudhi mtu. "Mtasema mchana usiku mtalala" likitoka kwa mke wa kaka kwenda kwa dada wa mume, ukumbi mzima utajua kuna kisa, hata kama wewe ulipenda maua yake tu.

Pili, ifue kabla ya kukata. Khanga mpya ina wanga unaoifanya ionekane nzito, na ikifuliwa hupungua. Ya sentimita 150 kwa 110 inaweza kurudi kama 145 kwa 106. Loweka kwenye maji baridi, kila kipande peke yake, badilisha maji mpaka yatoke safi, kisha sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikichukua rangi, fua tena. Watu wengi hutia chumvi au siki wakiamini inafunga rangi. Kwa rangi iliyochapwa kiwandani haifungi chochote. Kinachosaidia ni kuondoa rangi ya ziada kwa maji mengi. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazosumbua zaidi, na zikiachwa zitahamia kwenye kochi la watu.

Tatu, kukata. Kwa mto wa sentimita 40, yaani inchi 16, mbele kata mraba wa sentimita 42. Khanga moja, mbele mbili zitoke katikati ya mji, yaani uwanja wa kati wa khanga, ubavu kwa ubavu, ili ua la kati lisipasuke. Itabaki mikanda miwili, wa juu na wa chini, kila mmoja kama sentimita 32 kwa kimo, na pindo imo ndani yake. Kila mkanda unatoa vipande vitatu vya 42 kwa 32. Mto mmoja unahitaji viwili kwa nyuma. Kwa hiyo khanga moja inatoa mito miwili, doti inatoa minne, na mgongo wa kila mto una pindo. Kila kipande cha nyuma kunja ukingo mmoja wa urefu, sentimita 1 kisha 2, piga mshono. Vikipandana vitaingiliana kama sentimita 16, mfuko hautachanua na hutahitaji zipu. Ukijaribu mto wa sentimita 45 kwa khanga hiyohiyo, muingiliano unashuka hadi sentimita 6 hivi na nyuma itakuwa inafunguka kila mtu akiegemea. Hapo weka zipu au baki na 40.

Angalia jina linaangukia wapi. Mara nyingi litakuwa kwenye mkanda wa chini. Lipime kwanza. Likiwa fupi kuliko sentimita 42, panga mkato uliache zima kwenye kipande kimoja. Likiwa refu, usilikate. Chukua migongo ya mito hiyo kwenye kitambaa cha rangi moja, kisha ule mkanda uugeuze kitambaa cha kutandika juu ya meza ndogo. Jina lililokatwa likabaki "hauozi" peke yake, kila mgeni ataliuliza.

Khanga hufumuka kingo upesi, kwa hiyo piga ovaloki au zigizagi pande zote kabla ya kuunganisha. Tumia sindano namba 11. Namba 16 ya jinzi na sare nzito inaacha matundu kwenye khanga. Mshono uwe sentimita 1 ndani, na unapofika kwenye kona, usipige pembe mraba kamili: ingia ndani taratibu karibu sentimita 1 zaidi kwenye ncha yenyewe. Kona za mraba kamili ndizo zinazotoa masikio matupu mto ukijazwa.

Sufi isijazwe moja kwa moja ndani ya khanga. Nyuzi zake ni nyembamba na zinapenya. Shona mfuko wa marekani iliyosukwa karibu karibu, jaza, funga kwa mkono. Anika sufi juani siku nzima kwanza, toa mbegu zote kwa sababu wadudu huzifuata, na ujazie nje ukiwa umefunga pua na mdomo, maana vumbi lake linakohoza. Mweleze wifi kwamba mfuko wa ndani haufuliwi; unaanikwa juani na kupigwapigwa. Sufi ikilowa inashikamana mabonge na hairudi ilivyokuwa. Kama anakwenda kukaa nyumba yenye unyevu, vipande vya sponji vinaweza kumfaa zaidi, ingawa havina ulaini ule.

Sasa mume wako. Amesema utamwaibisha, nawe ukasikia kwamba kazi yako ni aibu. Nakuomba ulirudie neno hilo ukikumbuka kitu ulichokiandika kwa mstari mmoja ukapita: baba yao hayupo, na yeye ndiye kaka mkubwa. Siku ile MC akitaja jina lake, ukumbi utakuwa unatafuta kama baba wa bibi harusi angekuwepo angetoa nini. Inawezekana hana neno na vitambaa. Inawezekana anaogopa kuonekana mdogo mahali pa marehemu baba yake, na hajui namna ya kulisema hilo bila kukuumiza. Inawezekana pia kwamba kweli haoni thamani ya unachofanya. Mimi sikai nyumbani kwenu, siwezi kukuhakikishia ni lipi. Wewe unaweza kumuuliza, usiku watoto wakishalala, na usiulize kuhusu zawadi. Muulize kuhusu baba.

Mkopo nao tuutazame bila hasira. Sh 300,000 kwa riba ya asilimia 10 ni Sh 330,000, Sh 110,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Kwa faida ya siku zako nzuri, hizo ni zaidi ya siku tisa za cherehani kila mwezi kabla hujanunua unga. Na kikoba ni chako, jina lililoandikwa daftarini ni lako, kwa hiyo bandari ikikauka ni wewe utakayesimama mbele ya wenzako. Kwa upande wa pili, jiko la gesi ni kitu ambacho wifi atakipikia kila siku, na mume wako atalala ametulia. Utulivu wa mume una thamani yake ndani ya ndoa, nisikudanganye. Jiulizeni wote wawili: mwezi wa tatu, kazi zikiwa hazipo, nani atalipa na atalipa kwa nini? Kama jibu lipo, mkopo hautakuwa wa upofu. Kama halipo, mtakuwa mmenunua makofi ya dakika moja kwa miezi mitatu ya ugomvi.

Kati ya hizo njia mbili zipo nyingine. Mnaweza kuzungumza na wadogo zake mkachanga kitu kimoja kikubwa cha ndugu wote. Mzigo unapungua, lakini jina la kaka mkubwa linachanganyika na ya wengine, na huenda hilo ndilo analoliogopa. Mnaweza kununua kitu kimoja cha dukani kwa pesa mliyonayo, seti ndogo ya sufuria nzito badala ya seti kubwa ya bati jepesi, na mito yako ikakaa juu yake. Mkifuata hiyo, panga namna ya kuikabidhi. Mito iliyosukumwa kwenye mfuko wa plastiki mweusi inaonekana kitu cha kujazia nafasi. Ikikaa ndani ya kapu la ukindu au la mkonge lenye mfuniko, ikafuatana na khanga ya pili ya jina lilelile ambayo haijakatwa ili bibi harusi ajifunge, kila mwanamke ukumbini ataelewa. Andika kadi, taja majina yenu wote wawili, jina la mume wako likiwa mbele, na mpe MC mkononi kabla ya sherehe. MC asiyeambiwa kitu atasema "mito" na kupita.

Hatari ya njia hii nayo ipo: pesa ya ukuta itapungua sana. Basi tuuendee ukuta, maana hapo naona mnakaribia kutupa pesa bure.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi au yanaingia kutoka nje, yanayeyusha chumvi iliyo ndani ya tofali na lipu, yakifika juu yanakauka na kuiacha. Chumvi ikikauka inavimba, ndiyo inayosukuma rangi. Rangi ya mafuta haitaziba maji hayo, itayafungia ndani. Itang'aa wiki chache, mama mkwe akiwepo pengine, kisha itatoa malengelenge na kubanduka vipande vikubwa pamoja na lipu, na unyevu utatafuta njia juu zaidi ya hizo sentimita 60. Stika za plastiki zinafanya vilevile, na nyuma yake ukungu mweusi unakua bila kuonekana, kwenye chumba mnacholaza wageni.

Kwa hiyo anza nje, kabla hujatoa shilingi. Angalia udongo uliosogea ukutani. Ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani, uchimbeni mpaka ushuke sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, ukiinamisha ardhi iondoe maji kwenye ukuta. Angalia bomba la bafuni, maji ya kufulia yanakomwagwa, na tone la bati linapoangukia. Hii ni kazi ya jembe na nusu siku. Kwa mwenye nyumba, usirudi na ombi la kukata kodi, rudi na ombi la udongo na bomba: ukuta ni wake na unaoza. Na hata akikubali kwa mdomo upake, mwandikie karatasi fupi mtie saini wote.

Ndani, funika mahali pabovu kwa kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, kizibe pande zote kwa selotepu, kiache usiku na mchana. Matone yakitokea upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, ni jasho la hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha na kusogeza kabati.

Ikiwa ni ukuta, kwangua rangi yote ya chini mpaka lipu, kimo cha sentimita 80 ili upite mpaka wa ubovu. Chumvi iondoe kwa brashi kavu ngumu. Ukiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta, usipige msasa mkavu, maana rangi hizo huweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe kidogo unapokwangua, watoto wasiwepo, ufagie na kufuta mara moja. Madoa meusi yafute kwa jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya chooni wala siki, hewa inayotoka inaumiza mapafu. Kisha paache wazi pakauke siku nyingi uwezavyo, wiki mbili au tatu ukizipata.

Kwenye sehemu hiyo uliyokwangua paka chokaa badala ya rangi. Chokaa inaruhusu ukuta upumue. Loweka usiku kucha, chuja, ilainike mpaka iwe nyepesi, lowesha ukuta kidogo, paka mikono mitatu, yaani tabaka tatu, myembamba, kila mmoja ukauke. Ukipaka mkono mmoja mzito, utapasuka na kudondoka. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho. Haitashika juu ya rangi ya zamani, ndiyo maana nimekwambia ukwangue mpaka lipu. Na itachafua nguo za anayeegemea, kwa hiyo makochi yakae sentimita 10 mbali na ukuta, ambazo pia zitapitisha hewa. Chumvi itaendelea kutoka kidogo kidogo. Utaifagia na kurudia mkono mmoja wa chokaa mwaka ujao bila gharama kubwa.

Juu ya sentimita 80 ndipo rangi ya maji ipite. Ni mita 3.5 kwa 1.9, chini kidogo ya mita 7 za mraba. Kwa mikono miwili kwenye ukuta usio laini sana, lita 2 zinatosha. Lile kopo la lita 4 litakubakizia rangi ya ukuta mwingine, au uulize kama duka lina makopo ya lita 1. Mkono wa kwanza ongeza maji kama sehemu moja kwa kumi, wa pili upake kesho yake, kwa hewa ya Tanga usiamini saa nne zilizoandikwa kwenye kopo. Mpaka wa rangi na chokaa upigie kamba ya chaki, bandika selotepu ya karatasi, na uibandue selotepu hiyo rangi ikiwa bado haijakauka kabisa. Ukitaka kutundika mkeka wa ukindu uwe pambo, uanzie juu ya mpaka huo na utundikwe kwenye ufito ulioachana na ukuta sentimita 3. Ukigusa unyevu utaota ukungu.

Ukifuata hivyo, gharama ya ukuta itakuwa chini sana ya zile Sh 90,000, na huenda swali la pesa lenyewe likabadilika sura. Lakini pia fikiria kama mama mkwe anakuja kukagua ukuta au kuozesha bintiye wa mwisho. Wewe unamjua.

Mwanangu, sikuambii ukope wala usikope. Naona wewe na mume wako mnampenda msichana huyu, kila mmoja kwa lugha aliyonayo, na wiki saba zinatosha kuongea. Wiki hii piga simu kwa bibi harusi upate vipimo, weka nailoni ukutani, na fuma ule mgongo mmoja ukitazama saa. Mume wako akikubali kuongea, mwonyeshe hesabu ya mito, pamoja na zile siku mbili za cherehani. Akikataa, au wifi akijibu kitu kingine kabisa, niandikie tena tuendelee kutoka hapo.

Shangazi